Msongo wa Kazi Hushuka kwa Ngazi

Katika ofisi nyingi za mijini siku hizi, wafanyakazi wakianza kuonekana wamechoka, uongozi huitisha bonanza. Fulana zinachapishwa, uwanja unakodiwa, anatafutwa mhamasishaji wa kuzungumza juu ya kufikiri chanya, na siku inayopangwa karibu kila mara ni Jumamosi. Mahudhurio yanaandikwa. Mhasibu aliyekuwa na mpango wa kulala hadi saa tatu, kufua na kwenda kumwona mama yake, anaamka saa kumi na moja alfajiri awahi basi la ofisi. Jumatatu anarudi mezani amechoka kuliko alivyoondoka Ijumaa, na mafaili ni yaleyale.

Sina shaka na nia ya wanaoandaa mabonanza hayo. Kukimbia kunafaa mwili, na kucheka na wenzako nje ya ofisi ni jambo jema. Ninachotaka kueleza ni kwa nini dawa ya aina hiyo haifiki penye ugonjwa. Uchovu ninaouzungumzia, ule ambao mtu analala nao na kuamka nao, likizo inaisha nao uko palepale, hauletwi na wingi wa kazi peke yake. Sehemu yake kubwa hutokana na mtu kukosa kauli juu ya kazi yake: ianze lini, iishe lini, ifanywe vipi, na nani ana ruhusa ya kumkatiza. Bonanza la lazima linamwondolea hata kauli ndogo aliyobaki nayo, ya nini afanye na Jumamosi yake.

Tuanze na mwili, kwa sababu hesabu yote inaishia humo. Ukikutana na nyoka njiani, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu ndani ya sekunde chache, na dakika kadhaa baadaye hufuata homoni ya kotisoli. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, sukari iliyokuwa akiba inaingia kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Mambo yanayoweza kusubiri yanasimamishwa: usagaji wa chakula, ukarabati wa tishu, uzazi, hata sehemu ya kinga dhidi ya maradhi. Kwa hatari ya dakika tano ni utaratibu mzuri sana. Nyoka akishapita, kila kitu hurudi mahali pake.

Shida huanza pale hatari isipopita. Bosi asiyetabirika, kikao cha kesho asubuhi, mkataba wa miezi 3 usiojulikana kama utahuishwa: mwili huyapokea haya kwa utaratibu uleule wa nyoka, siku baada ya siku. Hapo unakuwa umejikopesha kwa masharti ya kausha damu. Nguvu ya leo inachukuliwa kwenye akiba ya kesho, riba inakatwa kila usiku, na marejesho yakichelewa deni linakua lenyewe. Presha iliyopanda kwa dakika tano haidhuru kitu, lakini ikikaa juu miaka mitano inaharibu kuta za mishipa ya damu. Kotisoli isiyoshuka jioni huvuruga usingizi, na usiku mbovu huongeza msongo wa kesho yake. Bruce McEwen, mtaalamu wa ubongo aliyefanya kazi New York, alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi mzigo huu unavyofika hadi kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na maamuzi. Mfanyakazi anayesoma barua pepe moja mara tatu bila kuielewa hajawa mzembe ghafla.

Ni kazi ya namna gani, basi, inayouwasha utaratibu huo na kuuacha ukiwaka? Wengi wangesema ni kazi kubwa, ya wakurugenzi na mawaziri, wenye maamuzi mazito na simu zisizonyamaza. Mwaka 1967 watafiti wa London walianza kuwapima afya watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000, wa ofisi zinazojulikana kwa jina la Whitehall. Kundi hilo lilifaa sana kwa swali hili. Hakuna aliyekuwa fukara, ajira zao zilikuwa za uhakika, walitibiwa na mfumo mmoja wa afya wa umma, na kila mmoja alikuwa na daraja lake linalojulikana, kuanzia vigogo wa wizara hadi mhudumu anayepeleka barua. Matokeo yaliyotoka miaka ya 1970 yaliipindua dhana iliyozoeleka. Watu wa daraja la chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara 3 ya wakubwa wa juu. Sigara, presha na lehemu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Tena haikuwa suala la matajiri na maskini: kila daraja lilikuwa na afya nafuu kuliko daraja lililo chini yake, ngazi kwa ngazi.

Utafiti wa pili wa Whitehall, ulioanza 1985 chini ya Michael Marmot, uliwachukua wanaume na wanawake zaidi ya 10,000 na kuwauliza jambo ambalo daktari haliulizi kwa kawaida: kazini kwako, unaamua nini? Unachagua uanze na lipi? Unaamua upumzike lini? Waliojibu kwamba hawaamui kitu walipata maradhi ya moyo kwa wingi zaidi. Mapema zaidi, mwaka 1979, mtafiti Robert Karasek alikwisha kutoa hoja inayofanana na hiyo kwa takwimu za Marekani na Sweden, kwamba kinachomwumiza mtu ni mahitaji makubwa ya kazi yakikutana na uhuru mdogo wa kuamua. Mwenye kazi nyingi na uhuru mwingi huchoka, lakini huchoka na kupona.

Wingi wa saa nao unaua, na sitaki hilo lidharauliwe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka mmoja wa 2016. Lakini katika mazingira yetu mambo hayo mawili ni nadra kutengana. Asiye na kauli ndiye huongezewa saa, kwa kuwa hana pa kusemea.

Hali ambayo mtu anaishia nayo baada ya miaka ya namna hiyo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1974, na Herbert Freudenberger, tabibu wa saikolojia wa New York. Mchana alikuwa na wagonjwa wake wa kulipia, jioni akijitolea katika kliniki ya bure ya watu wa mtaani. Aliona wenzake waliokuja na moyo wa kusaidia wakigeuka baada ya muda kuwa watu wakali, waliochoka, wasiotaka kuwasikiliza wale waliokuja kuwasaidia. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyeipatia hali hiyo vipimo, katika dodoso alilolichapisha na Susan Jackson mwaka 1981. Na Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kwa pande tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona hufanyi kitu cha maana. Ikaandikwa wazi kwamba si ugonjwa wa mtu bali ni jambo la kazini, linalotokana na msongo sugu ambao haukushughulikiwa vizuri. Hilo ni neno zito. Maana yake ni kwamba anayestahili kuchunguzwa kwanza ni kazi yenyewe.

Tuichunguze kazi moja kwa karibu. Ni saa tisa usiku, leba, katika hospitali ya umma. Muuguzi mkunga mmoja ana akina mama wanne ambao uchungu wao umekolea. Partografu, ile karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, inamtaka kila nusu saa asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika nzima, na ahesabu mikazo ya tumbo la uzazi kwa dakika 10. Dakika 10 kwa akina mama wanne ni dakika 40, nazo zinatakiwa zipatikane ndani ya kila dakika 30. Bado hajasikiliza moyo wa mtoto hata mmoja, hajapima presha, hajapokea mtoto, hajabadilisha shuka, na kuna anayeita "nesi, nesi" kutoka kitanda cha mwisho. Kazi hii, kama ilivyoandikwa, haiwezekani. Muuguzi ana njia mbili. Ajaze karatasi kwa kukisia, au aache nafasi wazi. Likitokea baya, kitakachowekwa mezani ni karatasi hiyo, na aliyeijaza ndiye atakayetakiwa kuandika maelezo.

Hapa ndipo pande zile tatu zinapoeleweka kwa undani. Nguvu zinaisha, hilo halina utata. Lakini fikiria mtu anayejua kazi nzuri inafananaje, aliyefundishwa vizuri, na ambaye kila usiku analazimika kuifanya nusu. Maumivu ya hapo hayaponi kwa usingizi. Anachofanya ili aweze kurudi kesho ni kupunguza kujali. Mama aliyekuwa na jina anakuwa "kitanda namba sita". Majibu yanakuwa mafupi, kisha makali. Ndugu wa mgonjwa wanaona roho mbaya, na wana haki ya kuumia, maana hakuna mama anayestahili kujibiwa hivyo akiwa katika uchungu. Lakini ukimfukuza muuguzi huyo na kuleta mwingine mpole, ukaiacha hesabu ya dakika 40 katika 30 ilivyo, baada ya muda utakuwa na nesi mkali mwingine.

Nimesema moyo hujitenga. Moyo uliojitenga una tabia nyingine ambayo haisemwi sana: hutafuta aliye chini. Ushahidi ulio wazi kuhusu hili umetoka hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa nyani.

Mwaka 1978 mwanasayansi kijana wa Kimarekani, Robert Sapolsky, alianza kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara, Kenya, akaendelea kurudi mwaka hadi mwaka. Aliwachoma kwa vishale vya dawa ya usingizi vinavyopulizwa kwa bomba, akawatoa damu, akapima homoni zao. Aliwachagua kwa sababu ya maisha yao. Katika nyika ile nyani anahitaji saa chache tu za mchana kupata chakula, na simba hawamsumbui sana. Muda unaobaki ni mwingi, na wanautumia kusumbuana wao kwa wao. Msongo wao, kama wetu, unatoka kwa wenzao. Sapolsky akakuta kwamba katika kundi lenye ngazi iliyotulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli ya juu hata siku ambazo hapakuwa na ugomvi wowote. Ngazi ikitikisika, pale madume wa juu wanapogombea nafasi, hata hao wakubwa homoni zao zilipanda. Hili tulikumbuke tunapomzungumzia bosi, kwani naye huenda amekalia kiti kinachotikisika.

Kisha kuna jambo la kushusha. Dume aliyepigwa na mkubwa wake hugeuka akamkimbiza dume mdogo, mdogo akamgeukia jike, jike akamalizia kwa mtoto. Na inafanya kazi. Dume anayemhamishia mwenzake kipigo chake hupata nafuu, homoni zake zikashuka. Ndiyo maana tabia hii haiishi kwa kukemewa. Anayeifanya anapata faida halisi ya mwili, na gharama inalipwa na mwingine.

Lakini nyani haohao walionyesha pia kwamba ngazi inaweza kubadilika tabia. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kila asubuhi kwenye jalala la hoteli ya watalii, kupigania mabaki ya chakula na nyani wa kundi jirani. Nyama iliyotupwa pale ilikuwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Waliokwenda jalalani walikufa, karibu nusu ya madume wazima wa kundi hilo. Waliobaki ni wapole, pamoja na majike. Ngazi haikufutika. Aliyekuwa juu aliendelea kuwa juu, ila mapigo ya kuwashushia wanyonge yalipungua, na muda wa kuchambuana manyoya ukaongezeka. Kufikia miaka ya 1990 hata wale wapole walikwisha kutoweka na nafasi zao kuchukuliwa na madume wageni waliokulia kwenye makundi ya kawaida ya ukali. Wageni hao nao wakajifunza upole wa pale. Madume wa chini wa kundi hilo hawakuwa na dalili za msongo zilizoonekana kwa wenzao wa kwingine. Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliyachapisha haya mwaka 2004, na kwangu sehemu kubwa kuliko zote ni ile ya wageni. Tabia ya kundi ilikuwa na nguvu kuliko malezi waliyokuja nayo.

Binadamu hatuhitaji janga la kifua kikuu ili tubadilishe utaratibu. Tuna sheria, na ya Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zilipwe mara moja na nusu, na ziwe kwa makubaliano. Kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka. Na kuna kipengele ambacho kingetosha kubadilisha maisha ya ofisi nyingi: mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuianza tena.

Kiweke kipengele hicho kwenye simu. Ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Kwenye kundi la WhatsApp la idara unaingia ujumbe: "Kesho saa mbili kamili niikute ile ripoti mezani." Tiki zinageuka bluu mojamoja. Anayechelewa kujibu anajua imeonekana kwamba amechelewa. "Sawa bosi." "Imepokelewa mkuu." Kati ya ujumbe huo na saa mbili asubuhi kuna saa 10 na dakika 20, kwa hiyo hata kama mtu angeiandika ripoti kwa kufumba na kufumbua, saa 12 za sheria zimekwisha kuvunjwa. Ufaransa imeweka haki ya kuzima mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi tangu Januari 2017, na Kenya mwaka 2022 ulipelekwa muswada wa namna hiyo na Seneta Samson Cherargei. Nauunga mkono mwelekeo huo. Tatizo la kwetu, hata hivyo, linaanzia kwa yule aliyetuma ujumbe. Sheria ileile ya 2004 inawaacha nje ya vikomo vya saa na mapumziko wasimamizi wa wafanyakazi wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mara nyingi huyo aliyetuma naye ameamrishwa dakika kumi kabla, kwa maneno makali zaidi. Anachokifanya ni kushusha.

Na ngazi haiishii kwa afisa aliyejibu "sawa bosi". Nyumbani kwake yupo dada wa kazi. Ndiye anayeamka wa kwanza, achemshe maji, aandae watoto wa shule, na ndiye anayefunga jiko wa mwisho. Afisa anaingia saa mbili na nusu usiku, foleni imemmaliza, simu inalia, anakuta sare ya mtoto haijapigwa pasi. Maneno anayoyatoa pale ni makali kupita kosa lenyewe. Dada ananyamaza. Akinyamaza, afisa anapata ile nafuu ndogo aliyoipata dume wa Maasai Mara.

Tunaoandika na kusoma uchambuzi wa namna hii mara nyingi tuko ngazi ya kati. Tunazijua vizuri haki tunazonyimwa kutoka juu, na tunanyamaza kuhusu zile tunazozishikilia. Dada wa kazi ni mfanyakazi kama wengine mbele ya sheria hiyo ya 2004. Kwa kuwa anaishi palepale anapofanyia kazi, makubaliano ya maandishi yanaweza kuzipunguza zile saa 12 hadi 8, lakini hayawezi kuzifuta, na saa 24 za mapumziko kila wiki ni zake.

Mambo yanayosaidia kweli ni ya kawaida mno, na ndiyo maana hayachapishwi kwenye fulana. Ratiba ya zamu itoke mwezi mmoja kabla, na wauguzi waruhusiwe kubadilishana bila kupiga magoti ofisini kwa mtu. Muuguzi mfawidhi akipewa wodi yenye akina mama wengi kuliko mikono, awe na mamlaka ya kuandika kwamba usiku huu vipimo fulani havikuwezekana, na maandishi hayo yamlinde aliyekuwa zamu. Bosi anapodai ripoti mpya, aseme ipi ya zamani isubiri. Hakuna linalohitaji mfadhili, ingawa kuajiri wakunga zaidi kunahitaji fedha na hakuna namna ya kulikwepa hilo.

Nyumbani ni rahisi zaidi, kwa sababu huko hatuna wa kumwomba ruhusa. Dada aulizwe siku gani ya wiki anaitaka iwe yake. Aichague mwenyewe, iandikwe, na asiulizwe anakokwenda. Siku hiyo sare za shule zitapigwa pasi na wenye watoto.